Punda wa Mwalimu Muthama Apoteza Kichwa

Tima, au Mama Mikail kama wengi tunavyomwita, hakuwa na cheti cha ufundi. Hakuwa na kifaa cha kupimia umeme isipokuwa kile kidogo cha mkononi, na sindano yake ilikuwa imepinda. Hakuwa na msaidizi, hakuwa na mwongozo wa kompyuta yoyote iliyotengenezwa kabla ya watoto wake kuzaliwa, na hakuwa na tabia ya kumdanganya mteja. Siku Wavinya alipoingia dukani kwake hapa Kyuso akiwa amebeba kompyuta ya zamani, kisanduku cheusi chenye vitufe vya mpira, Tima hakuwa hata na televisheni ya kukiunganisha nayo.

Nilikuwa nimeketi kwenye benchi nikingoja redio yangu. Wavinya nilimjua tangu akiwa mtoto. Baba yake, marehemu Mwalimu Muthama, ndiye aliyenifundisha ngumbaru. Niliingia darasa lake la usiku nikiwa na miaka thelathini na nne, baba wa watoto watano, nisiyeweza kuandika jina langu. Leo nasoma barua ya Kiingereza bila kuomba msaada, nami sioni haya kulisema.

"Mzee Kitonga, afadhali nimekukuta," Wavinya alisema, akanipa karatasi. "Msomee Mama Mikail hii kwa Kiswahili. Mimi nikiisoma tena nitalia."

Barua ilitoka ng'ambo, kwa watu wanaohifadhi michezo ya kompyuta za nyumbani za zamani. Wavinya alikuwa amewapelekea nakala ya kaseti ya mchezo ambao baba yake alitunga mwaka wa 1988. Ndani yake punda anashuka mtoni kuchota maji, kisha anapanda nayo hadi nyumbani, juu kabisa ya kioo cha televisheni. Walimshukuru. Lakini waliona kasoro mbili. Punda akirudi na maji anajikokota kana kwamba mchezo umekwama. Tena akifika juu ya kioo, kichwa chake kinatoweka. Kwa hivyo wangeuandika katika orodha yao kuwa kazi mbovu isiyokamilika, labda mtu anayeujua alete maelezo yaliyotiwa sahihi kabla ya mwisho wa mwezi.

"Baba hakuacha kitabu wala jengo," Wavinya alisema. "Aliacha huyu punda. Sasa dunia nzima isome kwamba hakujua kazi?"

Tima aliweka bisibisi chini. "Hilo la kwanza nawajibu hata nikiwa usingizini. Hao watu wamewahi kuona punda mwenye mitungi minne akipanda kutoka mtoni? Anaruka?"

Tulicheka, hata Wavinya.

"Lakini kichwa ni jambo lingine," Tima akaendelea. "Hata punda wa Kyuso, na ukaidi wake wote, hutembea na kichwa."

Aliiazima televisheni nyembamba ya jirani muuza ndengu. Ikawa vibaya zaidi. Punda alitembea akifuatwa na kivuli chake, na miguu ilichanganyika kama uji.

Wavinya alimgeukia fundi. "Mama Mikail, niambie ukweli. Baba alikosea?"

"Sijui bado. Hizi nyembamba zinapokea picha, zinaipika upya, ndipo zinakupakulia. Siwezi kumhukumu mpishi kwa chakula kilichopashwa moto na mtu mwingine. Niletee televisheni ya zamani, ile ya mgongo mkubwa."

Wavinya alikumbuka hoteli moja ya Malili anaposimama kunywa chai akitoka kwake Nunguni. Huko kulikuwa na televisheni kama hiyo, nayo ilikuwa meza ya mtungi wa maji ya kunawa. Baada ya siku nne alirudi nayo ikiwa imefungwa kwa blanketi. Mwenye hoteli aliitoa bure, akamwambia achukue na panya waliomo.

Tima aliifanyia kazi siku mbili. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, kioo kilitoa mlio kama wa mbu na kikawaka. Tuliweka kaseti ya mchezo kwenye kinasa sauti kilichoungwa na kile kisanduku. Ililia kama mabati yanayokwaruzwa, dakika tano nzima, ikakataa. Tukaanza tena, ikakataa. Mara ya tatu kelele zilikoma, na punda akasimama mbele yetu, wa kijani, mdogo kama kidole gumba.

Akashuka upesi. Akachota. Akapanda pole pole, hatua kwa hatua, na mimi nikajikuta nimekaza mabega kana kwamba mitungi ni yangu. Akafika juu.

Kichwa kilikuwepo. Masikio pia.

Wavinya alishika mdomo. Lakini Tima hakufurahi. "Watasema tumeona tunachotaka kuona. Nataka kujua kwa nini."

Aliisimamisha simu yake juu ya mkebe wa rangi, akachukua video ya ile aina inayopunguza mwendo, picha mia tisa na sitini kwa kila sekunde. Kisha tukaitazama, vichwa vitatu juu ya kioo kidogo.

Nimeishi miaka sabini na saba. Nimeona kupatwa kwa jua, na nimeona mto mkavu ukijaa kwa mara moja bila wingu hata moja juu yetu. Sikuwa nimeona kitu kama hiki. Ile picha niliyodhani imetulia kiooni haikuwepo. Kulikuwa na utepe mwembamba wa mwanga tu, ukishuka kutoka juu hadi chini, ukichora mstari baada ya mstari, na nyuma yake giza likifuata. Ulichora masikio, na kabla haujafika kwato masikio yalikuwa yameshafifia. Hakuna wakati wowote ambapo punda mzima alikuwa pale. Macho yangu ndiyo yaliyokuwa yakimkusanya.

"Asi!" nilimaka kwa Kikamba.

"Ngoja, tazama hapa," Tima alinong'ona. Utepe ulifika chini ukapotea. Kioo kikawa cheusi kabisa kwa kitambo kidogo. Utepe ulipotokea tena juu, punda alikuwa amesogea hatua moja. "Mwalimu anamfuta na kumchora upya hapo, kwenye giza, wakati mwale, huo utepe, unarudi juu. Hakuna anayeona. Mara hamsini kwa sekunde!"

Wavinya alifungua daftari la baba yake, akatafuta kwa kidole, akasoma: "Subiri mwale uishe chini. Kazi yote ifanywe kabla haujarudi." Akainua macho. "Nilidhani ni maneno ya mahubiri."

Nilirudi kwenye barua ya wale watu. Pembeni, kwa herufi ndogo, walikuwa wameandika kwamba mashine yao huchora picha sitini kwa sekunde.

Tima alipiga paja. "Basi! Kwao mwale unarudi mapema. Unamkuta Mwalimu ameshafuta kichwa, hajakichora. Si yeye aliyechelewa, ni wao wanaokimbia."

Wavinya alilia, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Kisha akafuta macho, akaniuliza, "Mzee, utatuandikia?"

Niliandika kwenye meza ya fundi, kwa mwandiko ambao baba yake alinipa. Nilieleza hamsini na sitini. Nilieleza giza lililo kati ya picha na picha, na mtu aliyefanya kazi ndani yake bila mwalimu wa kumwonyesha. Nilieleza pia, kwa adabu, uzito wa mitungi minne ya maji. Mwishoni niliwaomba waujaribu mchezo kwa picha hamsini kabla ya kuandika neno lolote. Tima alitia sahihi kwanza, akafuata Wavinya, kisha mimi.

Tuliweka barua na kadi ndogo yenye ile video ndani ya bahasha. Wavinya alilamba gundi, akaibonyeza kwa ngumi kutoka pembe hadi pembe, na sote watatu tukaenda posta. Karani aliipima, akabandika stempu, akaigonga muhuri, akaitia kwenye gunia la barua za ng'ambo.