Samaki Tisa wa Wifi

Sitaficha: nilimwonea wifi yangu wivu mpaka chakula kikawa hakipiti. Kaka alipomwoa nilipiga vigelegele kuliko wote. Halafu akaajiriwa maabara yetu, nikakoma.

Mimi nina miaka kumi na moja pale. Tunafuga samaki wadogo, urefu wa kidole, kwenye maji yenye joto, kizazi baada ya kizazi, tuone kama wajukuu watahimili joto lililowashinda mababu. Wifi alikuja na tangi lake moja, digrii thelathini na moja, na maneno matamu. Mkuu wa maabara akaanza kumwita "jembe letu". Mimi miaka yote hiyo hajaniita hata kisu! Naye anastaafu, na kiti chake anamwachia mmoja wetu. Nyumbani nako mama, aliyenizaa mimi, ananiuliza: "Mwanangu wa maabara hajambo?" Anamuulizia wifi.

Jumapili moja ya zamu yangu nilikuwa peke yangu. Asubuhi nikaipandisha hita ya wifi mpaka thelathini na tano, mchana nikairudisha. Kwenye daftari la joto nikaandika: 31.

Jumatatu, kati ya samaki sitini, tisa tu walikuwa hai. Wifi alinilalia begani akilia. "Pole, wifi," nikasema, nikimpigapiga mgongoni. Shetani gani mimi, jamani!

Lakini yule hakati tamaa. Akawazalisha wale tisa. Miezi minne baadaye watoto wao waliwekwa kwenye digrii thelathini na tano, wakawa wanagombania chakula kana kwamba hakuna kitu. Maabara nzima ilipiga makofi. Nami nilipiga, roho ikiniuma.

Kisha wenzetu wa maabara nyingine wakarudia jaribio lake, wakifuga wazazi kwa digrii thelathini na moja, kama daftari lilivyosema. Mara tatu, watoto wakafa kwenye thelathini na tano, wakatoka patupu. Maneno yakaanza: amepika majibu. Mkuu akaita kikao. Niliingia nimetulia tuli, maana nilitakiwa kunyamaza tu, kiti kiwe changu.

"Ile Jumapili walipokufa," mkuu akamuuliza, "joto lilikuwa digrii ngapi?"

Wifi akafungua daftari, akaweka kidole kwenye mwandiko wangu. "Thelathini na moja. Aliandika wifi yangu. Kama ni uongo, nifukuzeni leo leo."

Akanigeukia, anatabasamu, kana kwamba nimekuja kumwokoa. Nilimchukia kwa tabasamu lile kuliko siku zote. Nikashindwa kulivumilia.

"Thelathini na tano," nikasema. "Nilipandisha mimi. Nilitaka wafe wote."

Mkuu akavua miwani. Nikamngoja wifi anizabe kofi, anitukane, walau alie. Badala yake akalivuta daftari, akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Kumbe ni siku moja tu!" akasema. "Joto kali la siku moja ndilo lililowachuja, wakabaki wenye uwezo!"

Mkuu akasogeza kiti karibu naye. Wote wawili wakainamia ukurasa wangu, kalamu mkononi, wakasahau kama nimesimama pale.

Nikavua kitambulisho changu, nikakiweka mezani. Hakuna aliyeinua kichwa. Jamani, hata dhambi yangu wamempa yeye.