Sindano za Chemutai na Friji ya Omariba

Mzee Kipkurui, mzee wa kanisa, alikwisha kuamua: dawa ya mjukuu wake haitalala baa.

"Baba, daktari amesema ikae kwa friji," alisema Chepkosgei, mke wa mwanawe, aliyetoka nayo Nairobi ndani ya kikasha cha barafu. "Na friji ya karibu ni ya baa ya Omariba."

"Ilale na pombe? Chemutai ni mtoto wa Mungu!"

Mtoto wa Mungu, wa miaka minne, alikuwa amejilaza na homa, ufizi umevimba. Damu yake ilikosa chembe nyeupe za kupigana na maradhi. Sindano hizi mpya za kila siku ndizo zingeuhimiza mwili uzitengeneze. Bila hizo, hata jipu lingemuua. Lakini heshima ya babu nayo ilihitaji matibabu.

"Tutaiweka mtoni, pale tunapopozea maziwa," alisema Mzee. "Maziwa ya jioni hayaharibiki mpaka asubuhi. Huyo daktari amewahi kukamua?"

Akazifunga chupa za dawa kwa kitambaa, akazitia ndani ya mkebe wa maziwa, akauzamisha miongoni mwa mikebe mingine. Mpango bora kabisa. Alfajiri mchukuzi wa maziwa akaibeba mikebe yote, kama afanyavyo kila siku. Kule kituo cha kukusanyia maziwa, karani akaumimina mkebe wa Mzee kwenye ndoo ya kupimia, na chupa zikapasuka, isipokuwa chache.

Chepkosgei alizipokea zilizosalia, zingali baridi. Kisha akamgeukia baba mkwe.

"Hizi nazo zikiharibika, tutamzika Chemutai. Tutaandika kaburini kwamba dawa yake haikulala baa?"

Mzee akavaa kofia, akazibeba mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya akina mama wa kanisa waliokuwa wakirudi na majani chai.

"Karibu, mzee!" Omariba aliita kutoka kaunta. "Bia ya baridi ama ya moto?"

"Nyamaza, ufungue friji."

Nairobi ikatuma chupa nyingine. Kabla ya mwezi kwisha, Chemutai alitafuna mahindi ya kuchoma bila ufizi kutoka damu. Mzee akasimama kanisani kushuhudia jinsi maombi yake yalivyomponya mtoto.

"Amina!" Chepkosgei aliitikia kwa sauti kuliko wote, kisha akatoka mapema. Sindano ya siku ile ilikuwa bado, na Mzee, aliyeifuata siku nyingine zote, Jumapili hakuthubutu kuonekana kwa Omariba.