Shingo ya Bunduki ya Mama Mkwe

Kwa miaka kumi na mmoja Fundi Meno na mama mkwe wake walikuwa wamezungumza, ukijumlisha yote, kama robo saa. Shikamoo mama, marahaba, watoto hawajambo, hawajambo. Kisha kila mmoja anatafuta pa kutazama. Hawakuwa na ugomvi. Ilikuwa heshima tu, na heshima ikizidi haina tofauti kubwa na ugomvi, isipokuwa watu huagana vizuri.

Ndiyo maana mama huyo alipoingia peke yake kwenye karakana ya meno ya bandia, Jumatatu asubuhi, na mkoba mrefu mweusi begani, mkwewe alisimama wima akijua kuna msiba.

"Kaa. Hakuna aliyekufa," alisema mama mkwe. Alikuwa mkunga mstaafu, na habari hiyo alizoea kuitoa mapema.

Akafungua zipu, akalaza bunduki mezani katikati ya taya tatu za plasta.

Ilikuwa bunduki ya rangi, ile ya mchezo wa kuviziana na kupigana kwa vidonge vya rangi. Chama cha wakunga wastaafu kilikuwa kimepelekwa siku moja kwenye uwanja wa mchezo huo ili kunyoosha viungo. Wenzake walinyoosha viungo wakarudi nyumbani. Yeye alirudi uwanjani wiki iliyofuata, na iliyofuata tena, mwisho akanunua bunduki kuukuu kwa mtu aliyekuwa anahama. Kiwanda kilichoitengeneza kilishafungwa zamani. Sasa shingo yake, kile kibomba kifupi kinachobeba bakuli la vidonge juu ya bunduki, ilikuwa imekatika.

"Binti yangu anasema una mashine inayotengeneza kitu chochote cha plastiki."

"Si chochote, mama."

"Na hiki?"

Fundi Meno alikigeuza kipande kilichovunjika. Mashine hiyo, printa ya kuchapa vitu vya plastiki, aliinunua kwa kujifurahisha; mpaka siku hiyo ilikuwa imemtengenezea ndoano za pazia na kishikio cha mswaki. "Sijui," akasema. "Nijaribu."

"Tunacheza na mafundi umeme Jumamosi ya wiki ijayo," alisema mama mkwe, akaondoka bila kuuliza hali ya watoto.

Fundi Meno alipima kila upande, akachora kwenye kompyuta, akaichapa shingo ikiwa imesimama vilevile inavyokaa kwenye bunduki. Ilitoka nzuri, unaweza kuapa ni ya kiwandani. Jumatano mama mkwe aliirudisha ikiwa vipande viwili.

"Imekatika kama biskuti."

Fundi Meno alikuna kichwa. Akaeleza kwamba mashine huyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka. Ukifuata uzi, kuna nguvu. Lakini tabaka na tabaka zimeshikana tu kwa hisani.

"Na bakuli likigongwa, linaisukuma shingo upande."

"Ndiyo, mama."

"Basi ilaze."

Fundi Meno alimtazama. Yeye mwenyewe angelala macho siku mbili kabla ya kufika hapo.

"Na ufa unaanzia wapi?" mama mkwe aliendelea.

"Hapa, kwenye kona."

"Kila kinachochanika huanzia kwenye kona," alisema mkunga, na kwa namna alivyosema, Fundi Meno hakutaka mfano.

Shingo ya pili aliichapa ikiwa imelala, kona zote akazizungusha, kuta akazinenepesha mara mbili. Aliiangusha dirishani kwenye saruji mara ishirini, akaandika kila anguko kwenye daftari la wagonjwa. Haikusema kitu. Mama mkwe akaichukua, akaenda nayo kwa kinyozi wake, gari akaliacha juani saa sita mchana, bunduki ikiwa ndani. Aliporudi, shingo ilikuwa imelegea kwa joto na bakuli limeinama kama mjumbe aliyesinzia mkutanoni.

Hapo ikabidi Fundi Meno ahamie nailoni. Nailoni haiogopi jua wala kuanguka, lakini hunywa unyevu wa hewani kama sifongo, na ikiwa imelowa hutoka mashineni ikichemka na kujaa mapovu. Lazima ikaushwe kwanza. Mkewe alirudi kutoka kazini, akafungua oveni, akakuta bunda la uzi mweupe linaokwa kwa moto mdogo.

"Chakula kiko wapi?"

"Hicho ni cha mama yako."

Mkewe alifunga oveni polepole. Kwenye simu ya mumewe alimsikia mama yake akiuliza, "Zimetimia saa sita za kukausha? Usiitoe kabla." Watu hao wawili walikuwa sasa wanapigiana simu mara tatu kwa siku, na yeye binti aliombwa apunguze sauti ya redio.

Jumamosi ilipofika Fundi Meno alienda uwanjani kuitazama shingo ya nailoni, basi. Lakini mafundi umeme walikuwa wamepungukiwa mtu mmoja, na mwenye uwanja alimtazama, akampa miwani, kinyago na bunduki ya kukodi. Kusema hapana mbele ya wakunga kumi na wawili kulimshinda.

Alijibanza nyuma ya matairi akiomba asionekane. Alipochungulia, hatua kama kumi na tano hivi, mtu alikuwa amepiga goti nyuma ya pipa, bunduki juu, shingo nyeupe iking'aa. Fundi Meno alikuwa na nafasi nzuri. Alikuwa na vidonge mia. Kidole kikakataa, na ulimi ukafanya ulichozoea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema mama mkwe, akampiga vidonge vitatu kifuani.

Wakunga walishindwa siku hiyo kwa sababu ya magoti, lakini shingo ilirudi nzima. Mama mkwe alikuwa ameiangukia mara mbili kwa uzito wake wote. Alimkuta mkwewe ameketi benchi la majeruhi, shati limejaa rangi ya chungwa, akakaa karibu naye na kuipitisha kucha kwenye kila kona. Hakuna ufa.

"Mimi nilitaka mkeo aolewe na yule mpima ardhi," akasema.

"Najua, mama."

"Yule ukimuuliza kitu, jibu alikuwa nalo tayari. Kila kitu." Alifuta rangi kwenye bakuli kwa kitambaa chake cha mkononi. "Miaka arobaini nimezalisha. Mtu mwenye jibu tayari ndiye aliyekuwa akinitia hofu."

Fundi Meno aliishikilia bunduki isicheze, ili afute vizuri. Walikaa hivyo mpaka mwenye uwanja alipowaomba benchi.

Usiku mkewe alimpaka dawa kwenye alama tatu kifuani, zilizokaa karibukaribu kama vifungo vya shati.

"Naambiwa mmekaa saa nzima pale benchi. Mliongea nini?"

"Nailoni."

Mkewe alimkazia macho. "Mama amenipigia. Anasema kifyatulio nacho kimeanza kulegea, na kesho atakuja kula hapa."

"Atakuja na bunduki?"

"Sikumuuliza."

Fundi Meno alivaa shati, akaenda kuwasha oveni.