Kilo za Maji

Mtoto hakulia aliponing'inizwa kwenye mzani, na hilo ndilo lililomtia Cansilde wasiwasi kwanza. Watoto wote hulia pale. Huyu, Igor, mwenye mwaka mmoja na miezi kumi, alining'inia kimya akitazama ukuta, utadhani kuna mtu amemkosea na hataki tena maneno.

"Kilo tisa na gramu mia mbili," Cansilde alisoma. Mwezi uliopita alikuwa na kilo nane na gramu mia moja.

"Unaona, muganga?" Donatille, mama wa Igor, alicheka kwa fahari. "Njo naambiaka mama mukwe: mutoto anaanza kunenepa. Bajirani bote banamusifu ile mashavu."

Cansilde hakucheka. Alikuwa na miaka saba ya uuguzi katika kituo hiki cha afya nje kidogo ya mji wa Gisenyi, na hakuwahi kuona mtoto anayelelewa kwa viazi vitamu, kama wengi wa hapa, akiongeza kilo nzima kwa mwezi mmoja. Alimlaza Igor kitandani, akamvua soksi, akabonyeza dole gumba juu ya mguu wake. Alipoliondoa, kishimo kilibaki. Akabonyeza mguu wa pili. Kishimo kingine.

"Mama Igor, hajanenepa. Haya ni maji."

"Maji gani?"

"Mwili umevimba kwa kukosa chakula. Anakula nini nyumbani?"

Donatille alitazama chini. Kila alfajiri alibeba karoti na kabichi za mashamba ya Nyakiriba akavuka nazo mpaka kwenda kuuza Goma, upande wa Kongo, akarudi jua limezama. Igor aliachishwa ziwa mapema kwa sababu hiyo, akabaki na bibi yake.

"Mama mukwe njo anamulishaka. Viazi iko. Maharagi, siku ingine. Mayai tunauzishaka, muganga."

Cansilde alimvua sweta mtoto, akazungusha kwenye mkono wa kushoto utepe wa rangi wa kupimia wembamba wa mkono. Nyekundu, rangi ya hatari. Akafungua pakiti ya chakula cha dawa, ile siagi ya karanga ambayo watoto huilamba mpaka karatasi yake. Igor alifunga mdomo. Cansilde alipojaribu tena, mtoto aligeuza uso. Mara ya tatu akatema.

Hapo mwongozo uliobandikwa ukutani haukuwa na mjadala: mtoto aliyevimba na asiyetaka kula hatibiwi nyumbani. Aende hospitali siku hiyo hiyo. Cansilde aliijaza karatasi ya rufaa kwa mwandiko wa haraka. Kilichobaki ni muhuri, na muhuri alikaa nao mkuu wa kituo, Juvénal.

Alimkuta uani akipanga viti. Ilikuwa Ijumaa, tarehe ishirini na saba Juni, na wageni wa tathmini walitarajiwa saa tano. Katika imihigo, zile ahadi za mwaka ambazo kila mkuu huziwekea sahihi, Juvénal aliahidi kwamba ikifika mwisho wa Juni kituo chake hakitakuwa na mtoto hata mmoja wa rangi nyekundu. Alisoma karatasi ile, akaingia chumba cha vipimo, akaanza na kadi ya uzito ya mtoto.

"Bon. Amepanda kilo, Cansilde. Mstari unapanda."

"Ni uvimbe, Chef. Bonyeza mguu uone."

Juvénal hakubonyeza. Alichukua utepe. Mama alikuwa ameshamvisha mtoto sweta, naye akauzungusha juu ya sweta hilo hilo.

"Njano."

"Chef, juu ya nguo?"

"Kuna baridi. Unataka apate nimonia?" Alimvuta Cansilde mpaka kwenye korido, akapunguza sauti. "Sijasema asitibiwe. Mwezi mpya unaanza Jumanne. Jumanne ni sikukuu, donc Jumatano. Jumatano namwandikia mwenyewe."

"Siku tano! Mtoto huyu hana siku tano. Mficha maradhi, Chef, kifo humuumbua."

"Hizo methali ulizokulia nazo Tanzania. Hapa tunasoma takwimu." Akakunja karatasi ya rufaa na kumrudishia. "Mkataba wako unakwisha lini?"

"Tarehe thelathini."

"Basi mimi na wewe tuna karatasi nyingi za kusaini."

Cansilde alibaki koridoni akiikunjua karatasi kwa hasira. Lakini alipojichunguza alijionea aibu, maana baada ya kusikia neno mkataba, alikuwa amewafikiria kwanza wanawe mwenyewe, si Igor.

Alirudi ndani na kumpa Donatille karatasi. "Nenda nayo hospitali hivi ilivyo. Waambie ni haraka."

Donatille aliigeuza mbele na nyuma. "Iko wapi kashe?"

"Haina muhuri."

"We muganga! Mi navukaka barrière kila siku. Karatasi bila kashe ni ya kufungia karanga. Batanifukuza ku mulango, mutoto akiwa mu mugongo." Alimbeba Igor, akaenda kuketi kwenye ngazi za mbele, amempakata. "Nangojea hapa. Hao bageni batapita hapa."

Walipita saa sita kasoro. Mwanamke aliyewaongoza, mwenye miwani na sauti ya upole, alishtuka kuona njia yake imezibwa.

"Mama, mutoto wangu anagonjwa. Banakatala kumupatia kashe aende hospitali."

Mgeni aliinama, akamshika Igor shavu. "Huyu? Mbona ana mashavu mazuri?"

Juvénal alikuwa ameshaifungua kadi. "Amepanda zaidi ya kilo kwa mwezi mmoja. Akina mama wetu wana wasiwasi, unajua. Hata watoto wakipona hawaamini."

Mgeni aliufuata mstari kwa kidole, akatabasamu. Cansilde alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo. Sasa, alijiambia. Sema sasa. Akafungua mdomo.

"Miguu yake..."

"Na huyu ndiye muuguzi wetu wa watoto," Juvénal alisema kwa sauti kubwa, akimshika bega. "Kazi yote hii ni yake."

Wakampigia makofi. Makofi ya kweli, ya watu waliosafiri mbali na kufurahishwa. Cansilde alingoja yaishe aendelee, na yalipoisha wageni walikuwa wameshageukia chakula, na bega lake bado liko mikononi mwa mkuu.

Mgeni mwenye miwani hakuwa mtu mbaya. Alichukua sahani yake mwenyewe, wali na mbuzi wa kuchoma, akamletea Donatille pale ngazini. Mpiga picha aliona tukio hilo akaja mbio.

"Mpe nyama aishike. Mama, inua kichwa chake kidogo. Tabasamu basi!"

Donatille aliduwaa. Hakujua kama anasaidiwa au anachekwa. Alimtazama Cansilde, akingoja aambiwe. Igor alikishika kipande cha nyama kwa vidole vilivyotuna, mafuta yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko, na mdomo wake ukabaki umefungwa.

"Muuguzi naye, asogee karibu," mpiga picha alisema.

Cansilde akasogea.