Hakuna Kinachokungoja

"Ungedanganya kidogo ungekufa?" mumewe alifoka, akiipunga barua ya ubalozi ya kumnyima viza kama afukuzaye nzi. "Mtu anakuuliza nani anakungoja kazini, unamjibu hakuna!"

"Kwani alikuwepo?" Fundi alijibu. "Nilishamaliza nguo za watu wote. Nipande ndege na vitambaa vya wenzangu vimelala hapa, mimi tapeli?"

"Haya, uaminifu wako huo! Nenda nao ukamwogeshe mjukuu."

Neno hilo lilimchoma. Binti yao alikuwa ughaibuni, mimba ya kwanza, daktari amemwamuru alale kitandani mpaka ajifungue. Mkwe wao alikuwa mtu wa zamu, hashindi nyumbani. Jana binti alilia kwenye simu: "Mama, nani atanishika mkono?"

Mtaa mzima ulimwita Fundi, hata mumewe, dereva mstaafu, akiwa na la kuomba. Mafundi wengine wimbo wao ulikuwa "njoo kesho". Yeye kesho yake ilikuwa kesho kweli, na kamwe hakukata kitambaa asichokuwa na nafasi ya kukimaliza. Ndiyo maana kabla ya usaili alishona mpaka vidole vikafa ganzi, akamkabidhi kila mtu chake, akafagia duka. Kumbe alikuwa akijifagia mwenyewe. Ofisa nyuma ya kioo, msichana rika la bintiye, aliandika kwamba mwombaji hana shughuli ya kumrudisha kwao.

"Kuna dalali," mumewe alisema, sauti imeshuka. "Anatengeneza barua. Wewe ni meneja wa viwanda."

"Viwanda vingapi, Baba? Nivijue, nisije nikavisahau njiani."

"Mimi nakutafutia njia, wewe unanicheka!"

"Sikucheki. Nina hasira."

Na hasira hiyo haikuwa ya mumewe. Angeacha nyuma yake rundo la ahadi zilizooza na wateja wanaomlaani, wangemwita mtu mwenye kazi. Kwa kuwa hadaiwi hata kifungo, wamemwona mtoro. Basi kwao muungwana ni yule anayedaiwa! Alijikuta akisimama.

"Unakwenda wapi?"

"Dukani."

Mumewe alimfuata, viatu havijafungwa. Fundi alisukuma mlango, akavuta bunda la kitambaa cheupe: sare za wauguzi, kazi aliyoikataa kwa ajili ya safari, na bunda lilikuwa bado halijachukuliwa. Alimpigia matroni, mwenye bunda hilo.

"Dada, usije kulichukua. Nakata leo. Nitashona nikirudi."

"Ukirudi lini, Fundi? Wewe husemagi hivyo."

"Mtoto akishazaliwa na mama yake akishasimama. Utaningoja?"

Matroni akacheka. "Wewe? Nitakungoja. Nikuandikie na barua kabisa?"

"Andika. Ya kweli."

Alitandaza kitambaa mezani, akakilainisha kwa viganja. Mkono wenye mkasi ulisita, ulikuwa haujazoea kukata kazi ya kuachwa. Mumewe alikohoa mlangoni.

"Na wakikukatalia tena?"

"Watakuwa wamemkatalia mtu mwenye kazi. Nenda kaniombee miadi nyingine."

"Sasa hivi?"

"Unangoja kesho?"

Mumewe aliinama, akafunga viatu. Fundi alibana midomo, akaupitisha mkasi. Kitambaa kilipasuka kwa mlio mrefu, na vipande vikaanza kulundikana mezani, mikono bila mabega, kola bila shingo.