Majina Kumi na Mawili

Dada yangu anasomea shahada ya uzamili ya urithi wa utamaduni, nchi ya mbali ambako anasema hata jua linatoka kwa kulazimishwa. Anaandika juu ya nakshi za mikeka ya Bibi. Bibi niko naye mimi. Niliacha shule darasa la tano, alipoanza kusahau njia ya chooni, ikaamuliwa mmoja asome na mmoja akae. Nyumbani wananiita Kimya, na hawakukosea.

Kazi yangu ilikuwa ndogo. Dada ananitumia maswali kwa simu, namuuliza Bibi, namrudishia majibu. Bibi alitaja nakshi tatu. Ya nne akanitazama, akauliza mimi mtoto wa nani.

"Mwalimu wangu anasema tatu hazitoshi," Dada akaniambia. "Mbembeleze bibi yako."

Nilimbembeleza wiki nzima. Mwisho, kwa kuona haya kusema hapana, nikatunga jina la kwangu: Ulimi wa Jirani. Dada alifurahi mno. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliyafikisha majina, ukihesabu na yale matatu ya Bibi, kumi na mawili, yakiwemo Goti la Mkwe na Usingizi wa Mlinzi.

Juzi asubuhi akapiga.

"Mwalimu kasoma sura nzima. Sasa anataka ukili wenyewe, mkanda uliosukwa kabla ya kushonwa mkeka, kila jina na wake, kabla sijajieleza mbele ya walimu mwezi ujao."

"Bibi mikono haimtii, Dada."

"Si uko wewe? Akuelekeze, usuke."

"Dada, kuna kitu nataka..."

"Usiniambie huwezi, mdogo wangu. Nashinda chumba cha chini hakina hata dirisha, mimi na masanduku ya vyungu vya marehemu. Mwaka wa pili huu. Nikirudi bila hiyo karatasi, nitamtazama nani usoni?"

Nikasema, "Nitasuka."

Nilianza na Ulimi wa Jirani. Nikachukua miyaa miwili ya ukindu, iliyotiwa rangi nyeusi, nikaitoa pembeni, nikaipenyeza katikati, nikairudisha ilikotoka, kama jirani mwenyewe. Nilifumua mara tatu. Nakshi isiyokuwapo haina wa kukwambia umekosea, lakini vidole vyangu vilikuwa vinarudi vyenyewe kwenye zile tatu za kweli.

Leo ukili ulipofika urefu wa mkono, Dada akapiga tena. Nikaweka simu kwenye kizingiti, sauti juu, nikaulaza ukili mapajani mwa Bibi. Zamani Bibi alikuwa akipapasa ukili huku amefumba macho, na ukiwa na kosa anautupa uani bila kusema neno. Nilimwomba Mungu autupe. Akiutupa, Dada atauliza kwa nini, nami nitasema yote.

Bibi akaupapasa kwa kidole gumba, taratibu, mpaka mwisho.

"Huu unaitwaje?"

"Ulimi wa Jirani, Bibi."

Akaupapasa tena mara moja. Kisha akatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu mwaka jana.

"Huu kanifundisha mama," akasema. "Nilikuwa bado mdogo."

"Umesikia, Kimya?" Dada alikuwa analia kule aliko. "Nimemrekodi. Haya, yamebaki kumi na moja."

Bibi hakutaka kuurudisha ule ukili. Nikavuta miyaa mingine, nikaanza Goti la Mkwe.