Gia Moja Hadi Ukweni

Levis alikuwa fundi wa baiskeli pale Awendo, tena fundi kwelikweli, na hilo ndilo lililomponza. Mtu asiyejua kitu huogopa kukigusa. Levis alinunua baiskeli ya mlima ya mtumba, nzima, isiyo na kasoro, akaketi mbele ya kibanda chake akaanza kuing'oa gia. Zikatoka zote na waya zake. Akabakiza moja mbele na moja nyuma, akasimama kuitazama, akatabasamu peke yake.

Msimcheke bado, alikuwa na sababu. Barabara za mashamba ya miwa, matrekta yakishapita na mvua ikishanyesha, huwa tope jeusi linaloingia kwenye gia na kuzisaga. Kitu kisichokuwepo hakiharibiki. Shida ni kwamba Awendo nzima iliijua baiskeli ya gia moja tangu zamani, ile nyeusi ya kubebea magunia.

"Omera, ndugu yangu," Javan akamwuliza, yule mwendesha bodaboda aliyekuwa rafiki yake na mshenga wake, "yaani umetoa gia zote ndiyo ufike mahali babu yako alianzia?"

"Babu yangu hakuwa mjinga," Levis akajibu.

Habari haina miguu lakini hufika. Hii ilivuka mpaka wa kaunti ikatua Ndhiwa, kwao Lynnet, msichana ambaye Levis alimpenda mpaka akawa anasahau chakula cha mchana. Mama yake Lynnet, Damaris, ambaye kijijini wanamwita Min Lynnet, alisikiliza huku akipeta karanga zake za kuuza sokoni.

"Mtu anang'oa gia za baiskeli nzima," akasema. "Akimchukua msichana wangu, atang'oa nini?"

Akaahirisha siku ya kupokea ayie, ile zawadi ya mama mkwe ambayo isipotolewa, mkwe hakanyagi ndani ya nyumba yake. Akasema atangoja kwanza aone kama kichwa cha kijana kiko sawa. Levis alipoletewa ujumbe huo alishindwa hata kuziba pancha.

Mbele ya boma la Damaris kuna mlima ambao kila mtu huupanda akisukuma baiskeli, mwenye gia na asiye nazo. Levis akaamua ataupanda bila kushuka, siku ya soko, Damaris akiona kwa macho yake. Baiskeli ikimtetea, posa imeokoka.

Akaitengeneza upya. Nyuma aliweka gurudumu lenye breki ya ndani, ile inayovutwa na cheni ukirudisha pedali nyuma, kisha akaitoa breki ya mkono ili baiskeli ibaki safi, bila waya hata mmoja. Ikabaki cheni. Fremu ile haikuruhusu gurudumu kuvutwa nyuma ili kuikaza. Alipokata pingili moja, cheni haikufika, alipoirudisha, ikaning'inia.

"Itajikaza yenyewe njiani," akasema.

"Cheni hulegea ikitembea," Javan akamwambia. "Sijawahi kuona inajikaza. Si urudishe hata breki ya mkono?"

"Breki iko kwa miguu."

"Na cheni ikitoka?"

Levis akaanza kupiga mluzi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku ya soko ikafika, na lazima tuseme ukweli, kijana aliupanda mlima. Aliupanda amesimama kwenye pedali, mishipa ya shingo imemtoka, akiwapita wasukumaji mmoja mmoja, na wanawake wenye vikapu wakampigia vigelegele. Kule chini, Damaris aliacha karanga akasimama mlangoni kwake kutazama. Levis akafika kileleni akageuza.

Mpanda ngazi hushuka. Katikati ya mteremko gurudumu liligonga jiwe, cheni ikaruka. Levis akarudisha pedali nyuma, na pedali zikazunguka bure. Barabara ilikata kona pale langoni kwa Damaris, baiskeli haikukata. Ikapita lango, ikatawanya kuku, ikavuka turubai lililoanikwa karanga, na Damaris akawahi kukimbilia chumbani na kushusha pazia kabla mkwe hajaingia sebuleni, maana kimila hawatazamani usoni. Kochi ndilo lililomsimamisha. Alipoinua kichwa kilikuwa kimefunikwa kitambaa cha kochi, kile cheupe cha kufumwa.

Javan alifika na pikipiki yake, akakomea uani, kwa kuwa yeye pia hakuwa na ruhusa ya kuingia. Lynnet alikuwa mlangoni mwa jikoni, leso mdomoni, akicheka na kulia kwa pamoja. Akaitwa shangazi yake, Scovia, ambaye ndiye husema mambo ya mila katika boma lile.

"Mkwe akiingia kabla ya ayie, akatoka hivi hivi, hataingia tena," Scovia akasema. "Kwa hivyo asitoke. Ameingia na nini?"

Levis aliitazama baiskeli yake kupitia matundu ya kitambaa, ambayo hata mkwaruzo haikupata, kisha akamtazama Lynnet. Roho ilimuuma kweli.

"Nimeingia na hii," akasema. "Ni ya mama."

Kuku wakaanza kurudi kudonoa karanga.

"Scovia," sauti ya Damaris ikasema, "muulize huyo. Ule mlima amepanda bila kushuka?"

"Bila kushuka, mama," Levis akajibu kutoka ndani ya kitambaa.

"Na hiyo gia moja?"

"Na hii moja."

"Basi nimekubali. Arudishe breki ya mkono. Aweke na keria ya kubeba karanga. Na cheni aikaze."

Leo Levis na Lynnet ni mke na mume, na Levis huenda ukweni kwa miguu au nyuma ya pikipiki ya Javan. Siku za soko hukutana na Damaris akiupanda ule mlima kwa baiskeli ile ya gia moja, gunia kwenye keria, akiwaacha nyuma wenye gia zao. Na kwa kuwa mkwe mwenye adabu hamkazii macho mama mkwe, Levis hugeukia miwa mpaka baiskeli yake ipite.

"Javan," hunong'ona, "niangalizie. Cheni imekaza?"

"Imekaza."

"Inang'aa?"

"Inang'aa, omera. Usigeuke."